Mstari wa Pili

Jumapili, 2 Machi 2025. Awendo.

...na jambo lingine nililosahau kuandika jana ni namna anavyokunja mikono ya shati. Huikunja mara tatu, taratibu, kama mtu anayefunga zawadi, kisha ndipo anaanza kuosha vyombo. Ndiyo, mume wangu huosha vyombo. Mama yangu alipotutembelea kutoka Rongo alimkuta na povu hadi kwenye viwiko, akaniita kando akaniuliza nimemlisha nini. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Leo ni wiki saba kamili tangu harusi. Mimi, Joyline Nyanchoka, binti wa Mzee Ombui muuza ndizi, fundi wa nguo, ni mke wa Jared wa maabara ya shule ya upili, mwanamume anayenukia spiriti na sabuni ya kipande. Yeye ni Mjaluo, mimi Mkisii, kwa hiyo nyumbani tunazungumza Kiswahili. Napenda hivyo. Mapenzi yetu yana lugha ambayo si ya mama yake wala ya mama yangu.

Nimeapa kwamba daftari hili litajaa furaha tu. Lakini leo hayupo. Amekwenda kwao Ndhiwa kupigilia mabati kwenye nyumba ya Risper. Risper ni mjane wa Fanuel, kaka yake mkubwa, aliyefariki miaka mitatu iliyopita akamwacha na wasichana wawili. Paa lake linavuja. Tangu asubuhi nimejiambia mara nne kwamba paa linalovuja ni paa linalovuja tu.

Jumatano, 5 Machi

Joto. Vumbi la malori ya miwa limeingia hadi ndani ya cherehani. Jared ameniletea parachichi moja kubwa, akasema amelichagua kwa sababu lina umbo la kichwa changu.

Jumapili, 9 Machi

Leo tulikwenda Ndhiwa wote wawili. Mama mkwe wangu, Mama Priscilla, alinishika mikono yote miwili na kunitazama kwa muda mrefu kama mtu anayesoma barua bila miwani. Pale kijijini wananiita Nyar Kisii, binti wa Kisii. Nalipenda jina hilo.

Kisha nikamwona Risper, ambaye hakuweza kuja harusini. Sijui nilitarajia nini, labda kitambaa cheusi na macho yaliyochoka. Risper ana shingo ndefu, mwanya, na simu mbili. Anafanya kazi katika duka la kompyuta sokoni, anawajazia watu fomu za serikali na kuwachapia barua. Alipocheka, kuku walitoka chini ya meza. Alimletea Jared maji kabla hajaomba, tena ya vuguvugu, kwa sababu anajua yeye hanywi ya baridi. Mimi jambo hilo nilijifunza wiki ya tatu ya ndoa.

Akaniita nyieka. Mama akanieleza kwamba wake wa ndugu huitana hivyo, na kwamba mke mwenza naye huitwa hivyo hivyo. Nilitabasamu. Sikulipenda.

Tulizungumza juu ya kupanda. Katika boma la Kijaluo, Mama hupanda kwanza, kisha nyumba ya mwana mkubwa, kisha ya anayemfuata, hadi kwa wa mwisho, ambaye ni Joash. Hakuna anayemruka mwenzake. Fanuel ndiye aliyekuwa mkubwa, kwa hiyo mpaka Risper aangushe mbegu, sisi hatuwezi kugusa udongo. Niliuliza kama hata sisi Waadventista tunafuata mambo hayo. Jared akasema kwamba hayafuati kwa imani, ila kwa heshima ya Mama. Nikafikiria kipande chetu kando ya kijito, ambacho kila usiku kabla ya kulala tumekuwa tukikipangia maharagwe hapa na mihogo pale. Kumbe kuna mwanamke mwingine aliyeshika ufunguo wake.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua. Ile ya kwanza yenye harufu. Nilitoka nje bila viatu, jirani akaniita mtoto.

Jumanne, 18 Machi

Karatasi ya mshahara ya Jared inazidi kuwa ndefu juu na fupi chini. Makato ya nyumba, makato ya bima ya afya, ushuru, mkopo wa harusi, halafu kule mwisho kimstari kidogo ambacho ndicho chetu. Tumeahirisha kochi. Tunakaa kwenye mkeka na kuegemea ukuta, bega kwa bega, na kusema kweli sijalitamani kochi.

Jared amenunua faili ya buluu na kuandika juu yake MAMBO YETU. Anasema nyakati hizi ngumu mtu asiye na karatasi zake ni mtu asiye na kitu. Ametia humo vyeti, risiti, mikataba. Anasema watu wa kwao hufa bila kuandika chochote, na hata shamba la Mzee Maranga, baba yao, bado lina jina la marehemu kwenye hati miliki, miaka sita sasa. Nilimwambia mimi nina miaka ishirini na sita na yeye thelathini na mmoja, tunazungumzaje habari za kufa na hata seti ya vikombe haijatimia. Akanibusu kwenye paji la uso, akasema hiyo pia ni namna ya kupenda.

Ilikuwa jioni nzuri mpaka aliponiomba nakala ya kitambulisho changu. Ya nini? Risper anaihitaji. Kwanza anaweza kunijazia ritani za ushuru, ambazo sijawahi kujaza tangu nipate namba, na faini itanikuta. Pili kuna karatasi nyingine anayoshughulikia. Hakusema karatasi gani, na mimi sikuuliza. Nilisikia jina tu. Risper hivi, Risper vile.

Nikasema kitambulisho kimepotea. Kilikuwa ndani ya Biblia, mahali pa Wimbo Ulio Bora.

Jumapili, 23 Machi

Kila mtu amepanda. Njia nzima ya kwenda Ndhiwa, kulia na kushoto, watu wameinama kwenye mashimo. Mbegu zetu ziko kwenye gunia nyuma ya mlango, zinatutazama. Risper hajapanda kwa sababu wiki nzima amekuwa akimpeleka mama mmoja mjane kwenye ofisi za Homa Bay. Nilimuuliza Jared kama mvua nayo imeambiwa imsubiri. Akacheka. Mimi sikuwa nimefanya mzaha.

Jumatatu, 31 Machi

Mvua kubwa. Nimeshona kola tatu, zote zimepinda.

Jumapili, 6 Aprili

Hatimaye tumepanda. Jumanne Jared aliomba ruhusa kazini akaenda kumlimia Risper kwa plau ya ng'ombe, na leo ikawa zamu yetu. Alikuwa na tope hadi magotini, mzuri kiasi kwamba niliangusha punje nne kwenye shimo la mbili. Lakini mistari ya Risper ilikuwa imenyooka kuliko yetu. Kwake alilima akiwa na nguvu za siku nzima, kwetu akiwa na mgongo unaouma. Nimejaribu kutoandika sentensi hiyo. Nimeshindwa.

Joash alikuja akasimama kwenye mpaka akiwa amevaa viatu safi. Yeye huuza vipuri vya pikipiki mjini Migori, na sasa amechoka navyo. Anataka shamba la baba ligawanywe ili auze sehemu yake anunue karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, aipeleke machimboni Macalder. Ameshazungumza na mzee wa kijiji, na Jumapili ijayo kuna kikao cha kuandika majina ya warithi, chifu atoe barua ya kupeleka mahakamani. Akaniambia wanataka mimi niwe mwandishi kwa sababu nina mwandiko mzuri na sina upande.

Kisha akamtazama kaka yake aliyekuwa ameinama kwa mbali. "Shemeji, huyo mume wako ni shujaa," alisema. "Nyumba mbili, mshahara mmoja."

Alisema kama utani. Nimeubeba utani huo kutoka Ndhiwa hadi Awendo na bado haujashuka.

Ijumaa, 11 Aprili

Nataka kuandika polepole ili nisikosee.

Leo mchana nilikuwa natafuta risiti ya viti vya harusi, kwa sababu mwenye viti anadai vilirudi vikiwa pungufu. Nikafungua faili ya buluu. Risiti niliipata mara moja, Jared hupanga kila kitu kwa tarehe. Ningefunga. Sikufunga.

Nyuma kabisa palikuwa na fomu ya Sacco yao, chama cha akiba cha wafanyakazi wa shule. Ni ile fomu ya mrithi, inayosema mwanachama akifa, akiba yake na bima ya mazishi vipewe nani. Niliisoma nimesimama, kisha nikaisoma nimekaa.

Jina la mrithi: Risper. Uhusiano: mke wa ndugu. Sehemu: asilimia mia moja.

Tarehe ilikuwa ya miaka miwili iliyopita, kabla hatujajuana. Niliiona. Sikutaka inifariji. Kama alikumbuka kunipimia pete kwa uzi nikiwa nimelala, angeshindwaje kukumbuka kubadilisha jina? Wiki kumi na tatu tumelala kitanda kimoja, na kila siku ya wiki hizo, kama lori la miwa lingemgonga pale stendi, mimi ningekaa kwenye kiti cha plastiki na Risper angeitwa ofisini kutia sahihi. Mimi ningelia. Yeye angefarijiwa kwa karatasi.

Nilijiona mjinga na mkeka wangu. Nimekuwa nikiahirisha kochi, nikipunguza sukari, nikirefusha sabuni, nikidhani tunajenga kitu chetu, kumbe kila mwezi kimstari kile kidogo kinakwenda kulala chini ya jina la mwanamke mwenye mwanya. Nikayakumbuka mabati, plau, maji ya vuguvugu. Mama yangu amewahi kuniambia kwamba huku mjane hurithiwa na shemeji yake. Jared aliniapia kwamba yeye hafanyi mambo hayo, kanisa halifanyi. Niliamini kwa sababu aliniapia akiwa ameshika sikio langu, kwa utani, kama mwalimu.

Alirudi saa kumi na mbili na mandazi mawili yamefungwa kwenye gazeti. Lenye sukari nyingi akanipa mimi. Nikamwambia kichwa kinaniuma. Akaenda kuniandalia chai, na nilipomsikia akiimba jikoni nilitaka kumpenda na kumng'ata kwa wakati mmoja.

Sikumuuliza. Ningemuuliza tu, pengine yangekwisha hapo hapo. Lakini niliogopa jibu kuliko nilivyoogopa kutojua.

Jumapili, 13 Aprili

Kikao kilifanyika sebuleni kwa Mama Priscilla kwa sababu ya mvua. Mvua ilipiga mabati mpaka watu wakalazimika kusema kwa zamu na kwa sauti kubwa, na pengine ndiyo sababu kila kitu kilisikika kama ugomvi hata pasipokuwa na ugomvi. Alikuwapo mzee wa kijiji, Mama, Jared, Joash, na mimi na kalamu. Risper hakuwapo. Msichana wake mdogo alishikwa na malaria, wamelazwa Homa Bay. Alimpigia Jared akasema tuendelee, jina lake tunalijua.

Walitaja majina kwa Kijaluo na mzee wa kijiji akayaandika kwenye kipande cha katoni. Priscilla, mke wa marehemu. Nyumba ya Fanuel, yaani Risper na wasichana wawili. Jared. Joash. Hakuna aliyebisha. Joash alisema tu kwamba wasichana wataolewa na mama yao bado kijana, naye ataolewa, na shamba litaenda kwa mwanamume asiyejulikana. Mama akamtazama tu.

Kisha wakaenda kula. Nilibaki peke yangu mezani niandike nakala safi kwa Kiswahili, ya kupelekwa kwa chifu. Nikaandika kichwa. Nikaandika Moja, Priscilla. Nikaandika Mbili.

Kalamu ikasimama. Nilikuwa nayaona maneno ya ile fomu, asilimia mia moja. Nikawaza kwamba mwanamke huyu ana nyumba, ana plau ya mume wangu, ana akiba ya mume wangu, na sasa nimpe kwa mkono wangu mwenyewe shamba lililo mbele ya letu.

Joash alipita kuchukua chumvi. Akachungulia. "Andika walio hai, shemeji," akasema. "Chifu hajui la kufanya na wafu."

Nikaandika: Mbili, Jared. Tatu, Joash. Niliandika kwa mwandiko ule ule mzuri, na hilo ndilo linalonitisha ninapoandika sasa.

Mama alitia sahihi bila miwani. Mzee wa kijiji alihesabu mistari ya kutilia sahihi, si majina. Jared alikuja akiwa bado anatafuna, akachukua kalamu. Nikamwambia asome kwanza. Naapa nilimwambia.

"Umeandika wewe," alisema, akatia sahihi.

Alhamisi, 17 Aprili

Chifu amegonga muhuri. Barua iko kwa Joash, ataipeleka mahakamani Homa Bay baada ya Pasaka. Mahindi yameota, Jared ameniambia. Ya Risper yako mbele.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Wali na kuku. Jared amepiga picha sahani yangu. Nimekula vijiko vitatu.

Jumanne, 22 Aprili

Risper alikuja kibandani kwangu leo. Hakupiga simu. Nilikuwa natia uzi kwenye sindano nikaona kivuli chembamba, nikainua macho, ni yeye na wasichana wote wawili. Shule zinafunguliwa Jumatatu, na alitaka niwashonee sare. Nikamwambia Ndhiwa kuna mafundi. Akasema Ndhiwa hakuna nyieka.

Nikachukua tepu. Yule mdogo, aliyekuwa hospitalini, mbavu zake zinahesabika. Aliinua mikono juu nimpime kifua akaniuliza kama ni kweli kwamba Wakisii hula ndizi asubuhi, mchana na jioni. Nikasema ni kweli, na usiku tunaziota. Akacheka kama mama yake, na mimi nikacheka, kisha nikalazimika kumpima kifua mara ya pili.

Wasichana walipotoka kutazama malori, Risper alifungua mkoba akatoa karatasi ndani ya plastiki. Ilikuwa fomu mpya ya mrithi ya Sacco, imechapwa vizuri. Jina la mrithi: Joyline Nyanchoka Ombui. Uhusiano: mke. Mahali pa namba ya kitambulisho palikuwa wazi.

Aliniambia tangu wiki ya harusi amekuwa akimkumbusha Jared. Jared alitaka fomu iwe tayari kabisa ndipo anipe, kama zawadi, tukimaliza miezi mitatu ya ndoa. "Lakini nimeambiwa kitambulisho chako kimepotea," alisema. "Fomu isiyo na namba hairudi, inalala mezani kwao huko Sacco. Miezi mitatu imepita, na mimi na fomu hatupatani na kuchelewa. Nimeamua nikufuate."

Nilimuuliza kwa nini jina lake ndilo lililokuwa pale kwanza. Niliuliza kwa sauti ya kawaida, nadhani. Akakaa kwenye kigoda cha wateja akanieleza bila kulalamika. Fanuel alipojiunga na chama cha akiba kazini kwake alimwandika baba yake kuwa mrithi, na alipooa hakubadilisha. Mzee akafa. Kisha Fanuel akafa. Akiba ikabaki na jina la marehemu anayemrithi marehemu. Miaka miwili Risper alikwenda ofisi hii na ile akiwa na mtoto mgongoni, na kila dirisha lilimuuliza yeye ni nani. Hapo ndipo alipojifunza fomu, na hapo ndipo alipopata kazi. Jared, ambaye wakati huo hakuwa na mke wala mchumba, alimwandika Risper kwenye yake kwa ajili ya wasichana, asije mtu mwingine akasimama kwenye dirisha na kuulizwa swali hilo.

"Nilimwambia siku akioa anifute siku hiyo hiyo," alisema. "Sitaki kumfanyia mwanamke mwingine nililofanyiwa."

Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya vifungo, kuhusu ile orodha ya warithi. Niliandika jina lake au majina ya wasichana?

Nikasema yote yamo.

Alinishukuru. Alinishukuru, akalipia kitambaa, akashika njia.

Alhamisi, 24 Aprili

Nimekata kitambaa cha sare nikakosea. Nimekata tena.

Nilipokuwa darasa la saba, baba yangu aliwaita kaka zangu akawaonyesha viwanja vyao vya Rongo, kimoja kimoja. Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo nimeshika birika. Nilisubiri kufikiwa. Baadaye nilinunuliwa cherehani, na nilishukuru, na kwa kweli naipenda. Lakini najua mtu anavyosimama na birika akingoja kufikiwa.

Jumapili, 27 Aprili

Nimemwambia.

Alikuwa anaosha vyombo. Nilisimama nyuma yake kwa sababu sikuweza kusema nikiwa naitazama sura yake. Nilianza na kitambulisho, nikaeleza faili ya buluu, kisha orodha. Nilisema, "Nilimruka Risper. Si kwa kusahau."

Maji yaliendelea kumwagika kutoka kwenye jagi hadi yakaisha. Hakugeuka upesi. Alifuta mikono, akakunjua mkono wa shati wa kushoto, kisha wa kulia, akafunga vifungo. Sijawahi kumwona akiacha vyombo nusu.

Aliniuliza kama ni Joash aliyenituma. Ingekuwa rahisi kusema ndiyo. Nikasema Joash alitoa wazo, mimi nilikuwa nalo tayari.

Aliniuliza kama namdhania na Risper. Nikasema nilimdhania. Akauliza kama bado. Nikasema kichwani hapana, lakini mahali pengine wivu haujapata habari.

Alikaa kwenye mkeka peke yake. Ndipo akasema, "Mahakama ingeamini karatasi ile, Nyanchoka. Ina sahihi yangu. Mimi ndiye niliyewafukuza watoto wa Fanuel."

Nililia. Hakunishika. Lakini hakutoka pia. Kisha akasema kesho ataifuata barua kwa Joash, na Risper nitamwambia mwenyewe, yeye hatanisaidia katika hilo.

Jumatano, 30 Aprili

Barua imerudi. Joash alikuwa hajaipeleka, fundi wa karasha alikuwa amempotezea muda. Jared anasema walizungumza kwa utulivu. Kioo cha simu yake kina ufa ambao haukuwapo Jumatatu.

Chifu ameifuta. Anasema orodha mpya iandikwe familia yote ikiwapo, kila mtu asomewe jina lake, hata walio na homa.

Jumapili, 4 Mei

Jared alimwambia Mama. Nilikwenda kupalilia naye akanijia shambani. Hakunigombeza. Alitembea hadi kwenye mahindi ya Risper, yaliyonifika kiunoni, kisha yetu, yaliyonifika gotini. Akasema kwamba tunawapisha wakubwa wapande kwanza si kwa sababu wao ni bora, bali kwa sababu wa nyuma akiwahi, wa mbele husahauliwa. Kisha akaniita Nyar Kisii na kuniambia magugu yamebaki upande ule.

Risper hakutoka nyumbani kwake. Alikuwapo, niliisikia redio. Sikuwa na ujasiri wa kubisha.

Alhamisi, 8 Mei

Tunaendelea vizuri. Anacheka tena. Amenunua vikombe viwili, sasa seti imetimia.

Lakini leo nilimwandikia orodha ya dukani, chumvi, kiberiti, uzi mweupe. Zamani angeikunja na kuitia mfukoni. Leo alisimama mlangoni akaisoma yote, kuanzia juu hadi chini, kabla ya kutoka. Sidhani kama alijua anafanya hivyo.

Jumapili, 11 Mei

Nimempigia Risper mara tatu, hakupokea. Kwa hiyo nimemwandikia ujumbe, nikaunakili hapa ili nisije siku moja nikajisimulia vingine.

"Dada Risper. Ulipouliza nikasema yote yamo, nilidanganya. Niliacha mstari wako makusudi, kwa wivu, nikiwa na njaa ya kitu ambacho hukuninyima. Mtoto wako alikuwa hospitalini. Barua imefutwa. Sikuombi uniite tena lile jina."

Alama za kusomwa zikageuka buluu saa tano asubuhi. Jibu likaja saa tisa: "Nimesoma."

Hilo tu. Nimelitazama neno hilo alasiri nzima. Jared akalitazama akasema kwa Risper hilo si neno dogo, yeye hasemi amesoma kitu ambacho hajakisoma.

Niseme ukweli wote, maana daftari hili halikujaa furaha tu kama nilivyoapa. Bado nina wivu. Naona wivu kwa sababu anajua mambo ya mume wangu ya miaka ambayo mimi sikuwapo, naona wivu kwa ule mwanya, na kwa sababu yeye katika shida zake hakumruka mtu. Huo wa mwisho ndio unaoniuma zaidi.

Sare zimekamilika, nimezishona mara mbili kwenye mabega, na pindo nimeliacha refu ili wakue nazo. Kitambulisho kimetoka kwenye Biblia. Nimemjibu Risper hivi: nitakuja Ndhiwa kabla ya mwezi huu kwisha, siku utakayoichagua wewe, hata ikiwa ni katikati ya wiki. Nitaleta sare, kitambulisho na karatasi tupu. Utaandika wewe. Mimi nitasimama mbele ya wote, nisome majina kwa sauti, na nikifika mstari wa pili nitausoma mara mbili.